Maswali ya Wasomaji: Madoa ya Uso na Krimu za Kuyafifisha

Barua za mwezi huu zimefuatana kama zilizotumwa na mtu mmoja: karibu zote zinauliza krimu gani huondoa madoa meusi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake yamo mengi ambayo wengine wameyauliza kwa vipande.

Shikamoo mayu. Mimi ni mama wa miaka 34, ninaanika na kuuza dagaa hapa Igombe, Mwanza. Mwaka juzi nilitokwa na chunusi nyingi mashavuni, na zilipopona ziliacha madoa meusi. Rafiki yangu alinipeleka kwa dada mmoja mjini anayeuza krimu ya kuchanganya katika makopo meupe yasiyo na maandishi. Wiki ya kwanza tu uso ulinawiri, hata wateja wakanisifu. Nimeipaka usoni na mikononi kwa miezi minane. Sasa nikiiacha siku mbili, uso unawaka moto na vipele vinarudi. Juu ya mifupa ya mashavu pameingia weusi wa kibuluu ambao haukuwapo, na viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Naomba unitajie krimu moja ya kweli itakayoondoa madoa haya. Na je, mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, ambaye ninalala naye, anaweza kudhurika? — Mama wa Dagaa, Igombe.

Marahaba, mwanangu. Krimu nitakutajia, lakini utaikuta mbele kidogo, kwa sababu nikiitaja hapa utakwenda kuinunua na kuipaka juu ya ngozi iliyojeruhiwa, nayo itakuongezea madoa.

Ngozi ina chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Chembe hizo zikishtuliwa na chunusi, kuungua, kukwaruzwa au kuumwa na mdudu, hujibu kwa kumwaga rangi zaidi pale pale palipoumia, kama ninyi mnavyokimbilia kutandaza turubai juu ya dagaa mnapoona wingu linatoka ziwani. Doa, basi, si uchafu wa kusuguliwa. Ni turubai ambalo halijaondolewa baada ya mvua kupita. Ngozi nyeusi ina uwezo mkubwa zaidi wa kufanya hivyo, na ndiyo maana kipele ambacho kwa Mzungu kingeacha alama nyekundu ya wiki chache, kwetu huacha doa la miezi.

Rangi hiyo ikibaki katika tabaka la juu la ngozi, ambalo hujijenga upya kwa takribani mwezi mmoja, doa huwa la kahawia kama chai ya rangi na huwa na matumaini ya kufifia. Ikidondokea tabaka la chini, doa huonekana la kijivu au la kibuluu, na huko krimu hazifiki kwa urahisi. Asubuhi moja, kabla ya kujipaka chochote, simama mlangoni na kioo mahali penye mwanga wa kutosha bila jua kukupiga, ukaangalie ni madoa yapi ya kahawia na ni yapi ya kijivu. Utaona kwamba una matatizo mawili tofauti katika uso mmoja: moja uliachiwa na chunusi, la pili limeletwa na kopo.

Kopo hilo sijaliona, lakini barua yako imelieleza vizuri kuliko lebo ambayo halina. Krimu inayong'arisha uso kwa wiki moja, kisha uso ukawaka inapokosekana kwa siku mbili, kwa kawaida ina steroidi kali. Steroidi ni dawa halali, na mimi mwenyewe huitoa kila juma kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi walioandikiwa na daktari. Kwenye tyubu utaona majina kama Clobetasol au Betamethasone. Dawa hiyo hutuliza mwasho na wekundu upesi, na ndiyo siri ya kunawiri kwako wiki ile ya kwanza. Ikipakwa usoni kwa miezi, hukondesha ngozi, huchomoza vishipa na vinyweleo, huzaa chunusi za aina yake, na ngozi huizoea hata isikubali kuachana nayo. Wachuuzi wa mkorogo wanalijua hilo vizuri, maana mteja ambaye uso unamwaka atarudi tu.

Weusi wa kibuluu juu ya mifupa ya mashavu unanitia shaka ya kitu cha pili, haidrokwinoni. Hii huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, na kwa kweli hufifisha madoa. Madaktari wa ngozi katika nchi mbalimbali wameiandika kwa miaka mingi, kwa kawaida kwa kiwango cha asilimia 2 hadi 4, kwa miezi michache na chini ya uangalizi. Inapotumika kwa muda mrefu, kwa kiwango ambacho hakuna aliyekipima, na juu ya ngozi inayopigwa na jua, huweza kuacha weusi wa rangi ya wino ndani ya ngozi, ambao kuuondoa ni kazi ngumu sana. Daktari G. H. Findlay na wenzake wa Afrika Kusini waliueleza ugonjwa huo mwaka 1975 kwa watu waliokuwa wakitumia krimu za kujichubua, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi. Tanzania nayo imeipiga marufuku katika vipodozi. Ajabu ya dawa hii ni kwamba mtumiaji akiuona weusi ule mpya hudhani ni madoa ya zamani yamerudi, akaongeza krimu. Fungua kopo lako uangalie ukingoni: krimu iliyokuwa nyeupe ikigeuka kahawia kama maziwa yaliyoshika chini ya sufuria, hiyo ni dalili mojawapo ya haidrokwinoni iliyopigwa na hewa.

Viungo vya vidole vyenyewe vina ngozi nene isiyokubali kuchubuka kwa urahisi, na ndiyo maana hubaki nyuma. Vijana wa stendi huwacheka watu kwa maneno ya "juu Fanta, chini Coca", nami sipendi mzaha huo, kwa sababu aliyechekwa hurudi dukani kutafuta kitu kikali zaidi cha kusawazisha.

Kitu cha tatu hakionekani kwa macho, nacho kinanitisha kuliko vyote. Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua zebaki kwa kuwa huitumia kunasa dhahabu kwenye mchanga. Chumvi za zebaki hiyo hiyo hutiwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha, kwa kuwa nazo huzuia melanini. Hupenya kwenye ngozi, zikaenda kukaa kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wao wa figo, watu wazima waliovimba mwili na kupoteza protini kwenye mkojo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Wasomaji wenye makopo yenye maandishi wasome kwa makini: krimu inayokuonya usiigusishe na pete ya dhahabu au ya fedha irudishwe ilikotoka, kwa kuwa zebaki hushikamana na madini hayo, na mtengenezaji analijua hilo hata kama hakuitaja zebaki kwa jina.

Kuhusu mwanao, ndiyo, anaweza kudhurika, hata kama hukumpaka. Zebaki huhamia kwenye taulo, foronya, shuka na viganja vya mama, na mtoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni. Fua shuka na taulo zenu mbali na nguo zake, na unapokwenda kupimwa nenda naye. Chukua lile kopo, lifunge ndani ya mifuko miwili, ukamwonyeshe daktari. Umwombe akupime mkojo na shinikizo la damu, na umweleze bila aibu umelitumia kwa muda gani. Umesema umepaka uso na mikono, hivyo acha leo. Uso utawaka na kuvimba kwa wiki kadhaa, pengine zaidi, na katika siku hizo tumia maji ya kawaida, sabuni isiyo na manukato na mafuta mepesi ya kulainisha ngozi. Ikizidi, daktari ana dawa za kukuvusha. Anayejipaka mwili mzima kwa miezi ni habari nyingine: huyo amwone daktari kesho yake kabla ya kuacha, kwa sababu steroidi inayopita kwenye ngozi ya mwili mzima hulaza tezi zinazotengeneza homoni ya namna hiyo, na kuikatiza ghafla kunaweza kumwangusha. Muuzaji wa kopo anaweza kuripotiwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo ndilo linalosimamia vipodozi tangu mwaka 2019.

Sasa jua. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo miale inayotufikia ni mikali mwaka mzima. Wewe unasimama mbele ya vichanja kuanzia asubuhi, jua likikupiga kutoka juu na sehemu yake ikirudi kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Mwanga huo ndio unaoziambia chembe za rangi ziendelee na kazi, na krimu yoyote utakayopaka usiku itashindwa na mchana wako. Anza na kofia pana ya ukindu au khanga iliyosogezwa mbele ya paji la uso, ambayo ni kinga rahisi na isiyoisha mwisho wa mwezi. Kisha tafuta mafuta ya kuzuia jua yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi. Kwa ngozi yetu yenye madoa, yale yenye rangi ya kahawia ni bora kuliko meupe, kwa kuwa rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, inayozuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hutia weusi; tena hayakuachi kama uliyepakwa unga wa muhogo. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, na hurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Watu wengi hupaka robo ya kipimo hicho, kisha husema mafuta hayafanyi kazi. Neno moja pembeni: mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino yasiombwe wala kununuliwa kwa mlango wa nyuma, kwani kwao ni kinga ya saratani na si urembo.

Uso ukishatulia, usiwake wala kuchubuka kwa mwezi mzima, ndipo ije krimu niliyokuahidi. Kwa mtu wa hali yako ningeanza na asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20. Hutibu chunusi zenyewe na hufifisha madoa kwa pamoja, na huzielekea zaidi chembe zilizochachamaa, hivyo haiipaushi ngozi nzima iliyo salama. Haiko katika kila duka la dawa. Mwombe mfamasia wa famasi kubwa akuagizie, na ukubali kungoja kuliko kuuziwa mbadala kwenye kikopo. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku tatu nne. Kisha paka usoni usiku mmoja na kuacha mmoja kwa wiki mbili, tabaka jembamba, uso ukiwa mkavu. Itanyonyota kidogo kwa dakika chache, na hiyo ni kawaida. Ikikuwasha mpaka asubuhi, punguza, kwa sababu kwenye ngozi yetu mwasho wenyewe ni mama wa doa jipya. Usitazame kioo kila siku. Piga picha siku utakapoianza krimu, mahali pale pale pa mlangoni, na nyingine baada ya wiki kumi na mbili. Madoa ya kahawia yatakuwa yameanza kufifia, na mengine yatataka miezi sita. Ule weusi wa kibuluu hauwezi kuondoka kwa krimu hii, na ni heri niseme hivyo kuliko kukupa matumaini ya bure. Huo ni wa daktari wa ngozi, ambaye unaweza kupewa rufaa ya kumwona katika hospitali ya Bugando.

Na limau liache kwenye samaki. Maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, huweza kuibabua na kuacha doa jeusi kuliko lile ulilotaka kulifuta.

Mama, mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Nyegezi. Kila ninaponyoa ndevu hutoka vipele shingoni, kisha madoa. Nimeshauriwa krimu ya kung'arisha shingo. Je, ni sawa? — Kijana wa Nyegezi.

Si sawa, mwanangu. Ndevu zako ni za kujikunja, na zikikatwa chini kabisa ncha yake hurudi na kuichoma ngozi. Ukifuta doa leo, wembe wa keshokutwa utalirudisha. Acha wembe kwa mwezi mmoja, au tumia mashine ukiacha ndevu za urefu wa milimita moja, na mwambie kinyozi afuate mwelekeo wa nywele, asinyoe kinyumenyume hata kama shingo haitang'aa. Akina kaka wengi wanaokuja dukani wamepona kwa hilo peke yake. Vipele vikiendelea, adapaleni, dawa ya chunusi ya kupaka usiku, kiasi cha punje moja ya choroko kwa shingo nzima, husaidia vipele na madoa pia. Mashine ya kinyozi itakaswe mbele ya macho yako.

Shikamoo. Nina ujauzito wa miezi sita, nipo Nansio, Ukerewe. Mashavu yangu yote mawili na paji la uso vimepata mabaka ya kahawia yanayolingana, kama ramani. Mama mkwe anasema ni mtoto wa kike ndiye anayeniibia uzuri. Nipake nini? — Mja mzito.

Marahaba, na hongera. Mama mkwe ana mapenzi, lakini jinsia ya mtoto haimo. Mabaka yako yanaitwa melasma: homoni za ujauzito na jua huzishtua chembe za rangi pande zote mbili za uso kwa pamoja, na ndiyo sababu yanalingana. Baadhi ya wanawake huyapata pia wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo ni vyema umkumbushe mhudumu wa kliniki utakapochagua njia baada ya kujifungua. Mara nyingi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa, hivyo huna haja ya kukimbilia dawa.

Kwa sasa usiguse adapaleni wala ndugu yake tretinoini, ambazo hazitumiki wakati wa ujauzito, na haidrokwinoni nayo iache, kwa kuwa sehemu kubwa yake hupenya mwilini. Kopo lisilo na jina usiliguse kabisa. Zebaki hupita hadi kwa mtoto tumboni. Asidi ya azelaiki inaruhusiwa kwa mja mzito, lakini mwonyeshe kwanza mkunga wako. Fanya kazi kubwa ya kuukinga uso: kofia, mwavuli kwenye kivuko, na mafuta ya kuzuia jua yenye rangi niliyoyaeleza hapo juu. Kivuko nakitaja makusudi, kwa kuwa saa kadhaa za kukaa upande wa wazi kutoka Mwanza huweza kurudisha nyuma kazi ya mwezi mzima.

Mume wangu ana baka mgongoni lililopauka kuliko ngozi nyingine, la ukubwa wa kiganja. Haliwashi wala halimuumi. Anataka krimu ya kufifisha ngozi inayolizunguka ili rangi ilingane. Tunaishi Magu. — Mke mwenye wasiwasi.

Dada, asipake chochote kwanza. Huenda ni fangasi wa kawaida, na hao wana dawa rahisi. Lakini maneno yako kwamba haliwashi wala halimuumi yamenifanya niiweke barua hii katika toleo hili badala ya lijalo. Chukua pamba, uisokote ncha iwe nyembamba kama uzi, umwambie afumbe macho, kisha mguse taratibu, mara kwenye ngozi nzima, mara katikati ya baka, naye aonyeshe kwa kidole kila anapohisi. Angalia pia kama baka linatoa jasho anapotoka shambani au limebaki kavu. Akikosa kuhisi pamba, hata mara mbili tu, au baka likiwa kavu wakati mgongo mwingine umelowa, mpeleke kituo cha afya wiki hii, na mwambie mhudumu kwa maneno haya haya kwamba baka lina ganzi, ili amchunguze ukoma. Hata akiihisi pamba vizuri, baka bado lataka kuonwa na mhudumu, kwa kuwa baadhi ya mabaka ya ukoma huchelewa kupoteza hisia. Dawa zake hutolewa bure, humezwa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na zikianzwa mapema hakuna kidole kitakachopotea. Wewe na watoto nanyi mkakaguliwe siku hiyo hiyo.